Jina Nililomwazima Furaha

Jumapili, Kawangware. Baridi ya Julai imeingia mpaka kwa mifupa. Nimekaa saluni peke yangu, mlango nusu, sina hata hamu ya chai. Kanisani leo niliimba mdomo tu.

Wacha niandike kabla sijaanza kujidanganya.

Mnaosoma hapa mnanijua kwa kelele. Kila Jumamosi tunakutana kwa ukumbi mmoja kule Riruta, mimi na wenzangu wachache, pamoja na watu waliokimbia vita Congo na Burundi na wanaishi hapa bila karatasi. Mimi ndiye husimama mbele. "Usidanganye polisi," huwa nawaambia. "Sema jina lako, sema ulikotoka, sema unaomba hifadhi. Sheria inakulinda." Wananipigia makofi, nami najiona mtu wa maana.

Sasa ukweli. Furaha, msusi wangu hapa saluni, Mkongomani, nilimfundisha kudanganya.

Mara nne nilimsindikiza kuandikishwa kama mkimbizi, na mara nne tukapewa barua ya kurudi siku nyingine. Nikachoka. Nilikuwa nimeona wengine wakibebwa kwa landrova ya polisi, wengine hatujawahi kusikia waliko. Nikamwambia, sikia dada, kuanzia leo wewe ni Mluhya, Mbukusu wa Bungoma, unaitwa Nafula, na kipande, kile kitambulisho, kimepotea.

Nafula ni jina langu mimi. Nilimwazima tu hivyo, kama vile ningempa jirani kichana.

Masomo tulifanyia hapa, yeye akisuka. "Mulembe," nasema. Ndiyo salamu yetu Waluhya. "Mulembe," anajibu, vidole vikienda. Wateja walicheka mpaka machozi. Mama Brayo, anayeuza mboga hapo nje, akasema huyu sasa tumtafutie bwana kule kwetu Kimilili. Tulicheka sana siku hiyo, na leo nikikumbuka najichukia.

Jumanne polisi walikuja kukagua vipande, duka kwa duka. Mimi sikuwa. Nilikuwa Kibera kwa mkutano, maiki mkononi, nikiwaambia watu wasiogope.

Hebu fikiria!

Mama Brayo aliona yote. Afisa aliuliza jina. "Nafula." Kwenu? "Bungoma." Sauti imara kabisa, anasema Mama Brayo, hata yeye angeamini. Afisa akatabasamu. Kumbe naye ni wa kwetu. Akamwambia polepole, kwa roho safi, "Mulembe, Nafula."

Na Furaha akajibu, "Aksanti."

Aksanti. Na ile K yake ya Congo hapo katikati. Basi, wakamchukua.

Sitaficha, kwanza nilimkasirikia. Neno moja, miezi sita nalifundisha! Ijumaa nilipopata dakika mbili naye kortini Kibera, kabla kesi iitwe, kitu cha kwanza kutoka mdomoni mwangu kilikuwa, "Ilikuaje?"

"Alinisalimia muzuri, dada," akasema. "Askari hajawahi kunisalimia muzuri."



Mashtaka ni mawili: kuwa nchini bila kibali, na kumpa polisi jina la uongo. Wakili aliyejitolea anasema la kwanza lina utetezi, kwa sababu kuomba hifadhi si kosa na zile barua zetu nne zipo. La pili ndilo linatuumiza. Mtu aliyedanganya hata jina, nani atamwamini akisema alikimbia wauaji? Na alikimbia. Mume wake walimuulia mlangoni, akaondoka bila kumzika. Aliniambia mara moja tu, akinisuka, na siku hiyo mistari yote ilienda upande. Akirudishwa, anarudishwa huko.

Wakili anasema anayeweza kueleza huo uongo ni aliyeufundisha. Akaniangalia. Halafu akanionya: ukisimama useme hivyo, wanaweza kukushtaki na wewe.

Bwana yangu amenuna tangu juzi. "Watoto unawaachia nani?" Nilimjibu vibaya, na alikuwa na haki ya kuuliza.

Tangu Ijumaa natafuta njia ya kutoroka. Nimeomba homa inishike. Nimeomba kesi iahirishwe. Mimi, mama wa maiki! Kumbe ujasiri wangu wote ulikuwa wa kushauri wengine.

Lakini kuna kitu hakitaki kunitoka kichwani. Ijumaa karani alipoita "Nafula!", jina walilomwandikia polisi, Furaha hakusonga. Alikuwa amesahau kwamba ndiye. Ni mimi, kule nyuma, niliyeshtuka nikanyanyuka nusu. Kisha nikakaa haraka, nikajifanya natafuta leso kwa mkoba. Alikuwa ameniona. Akageuka mbele, akainua mkono wake juu, akajibu "ndiyo" badala yangu.

Hakimu alitaka kujua huyu Nafula ni nani hasa. Ameipanga kesi kesho asubuhi.

Nimeshapiga pasi lile rinda la kijivu. Nimemwambia Mama Brayo aniangalilie watoto wakitoka shule, akasema sawa bila kuniuliza neno. Taarifa nimeiandika kwa mkono, jina langu lote, na chini yake: mimi ndiye niliyemfundisha.

Naogopa. Naogopa sana, na sitaki mtu anipigie makofi.

Kesho karani akiita Nafula, Furaha asiinue mkono. Nitaitika mimi.