Jeep la Kunifikisha kwa Mama

Ulaanbaatar,
Mwishoni mwa mwezi wa mwisho wa mwaka

Kwa mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zetu sote, nyingi kuliko theluji iliyolala hapa mlangoni asubuhi hii. U hali gani, mama? Magoti yanakusumbua bado ukiinuka? Na mifugo imeionaje baridi ya mwaka huu, mbuzi wamebaki na nyama mgongoni au ndiyo mifupa mitupu? Nisalimie kaka Purev na mkewe, na hata yule mbwa wao mwenye kelele. Sisi huku hatujambo. Mjukuu wako Anu ameng'oka meno ya mbele na bado hanyamazi. Bilguun anakohoa kidogo, lakini usiwe na wasiwasi, ni moshi wa mji huu tu. Mkweo Chuluun anakusalimu sana, na habari zake nitakupa huko mbele.

Barua hii namkabidhi Davga wa lori la unga, akufikishie kabla ya mwaka mpya wetu, Mwezi Mweupe. Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Simu ya huko ni mpaka upande kilimani, na ukipanda, Purev naye yuko mgongoni kwako anasikiliza kila neno. Haya nataka uyasome peke yako kwanza, miwani ikiwa machoni na chai ikiwa mkononi.

Mama, tumenunua jeep!

Acha niliseme tena, maana utamu wake haujanitoka mdomoni. Tumenunua jeep, gari la juu, linalovuta kwa magurudumu yote manne, lenye nafasi ya watoto, mizigo, na wewe mwenyewe ukitaka kunyoosha miguu. Si jipya, limeshatumika Japani na limeshatumika hapa, na mlango mmoja umebonyea. Lakini ni letu, na nimelichagua mimi. Naam, mimi Solongo, mshona sare za shule. Purev akicheka, mwache acheke, atanyamaza akiliona.

Unajua kilichonisukuma. Mwaka juzi kile kigari chetu kidogo kilitushinda mtoni, tumbo juu ya barafu, matairi yanazunguka bure kama tunasaga unga. Mwaka jana tukakwama kwenye theluji ya mlimani, na moshi wa kambi yako nauona kwa macho yangu kule bondeni! Nililia, mama, sitaficha. Lori likatuvuta kinyumenyume hadi wilayani, nawe ulikuwa umeshapika buuz zako za nyama na kuweka bakuli langu mezani. Purev alinisimulia kwamba uliliacha pale siku zote za sikukuu na ukamkataza mtu yeyote asiliguse. Kisha akanitania kwenye simu eti, "Dada, hicho kipanya chako kinafaa kwenda sokoni kununua vitunguu, huku kwetu waachie wenye magari." Nilimjibu maneno ambayo sitayaandika hapa. Ila alisema kweli, na ndiyo maana yaliniuma.

Na mwaka unaoingia ni wa Farasi, mwaka wako wa kuzaliwa unakurudia. Unaingia sabini na tatu, kwa hesabu yetu ya tangu tumboni. Binti gani atamwacha mama yake auingie mwaka wake bila kumshika viwiko na kumwamkia uso kwa uso? Nikaapa mbele ya Chuluun kwamba mwaka huu nafika, hata kama kipanya kitauzwa na masufuria juu yake.

Basi tukaanza kuhangaika kwenye soko la magari, lile la nje kidogo ya mji, baridi inakata masikio. Mama mkwe, Bi Dejid, hakukubali tutoke kabla hajapita hekaluni kuuliza rangi inayofaa mwaka aliozaliwa mwanawe. Unamjua alivyo, hanunui hata ndoo bila kumwuliza lama wa hekalu. Akarudi na jibu kwamba gari la mwanawe liwe la rangi ya udongo, na siku ya kulinunua isiwe Jumanne. Nami sikubisha, mambo hayo nayaheshimu. Tukawa tunapita safu kwa safu, magari meusi yanatuita, meupe yanatuita, yeye anatuvuta mkono, "Si hilo, si hilo, twendeni!"

Mpaka akaliona la kahawia. Mama, lilikuwa linang'aa utadhani bibi harusi. Viti vya ngozi, vioo vyeusi, redio kubwa. Mama mkwe akaanza kulipapasa boneti na kuliombea dua hapo hapo, na mwenye gari, kijana mmoja wa koti la manyoya, akaona samaki ameshanasa. Mimi nikaomba kipande cha boksi, nikakitandika kwenye theluji, nikajitupa chali chini ya gari. Yule kijana akacheka sana, akawaita wenzake waje kutazama. Akaniinamia, "Mama, huko chini umedondosha hereni?" Nikamwambia natafuta kutu. Chesisi nzima ilikuwa imepakwa rangi nyeusi mbichi. Nikaigonga kwa ufunguo, pa, magamba yakaniangukia usoni. Nikatoka na kutu mpaka kwenye nyusi, nikamjibu, "Hereni sijaiona, lakini kutu nimeipata, tena ya kutosha kijiji." Wenzake wakamgeukia wakaanza kumcheka yeye. Mama mkwe akaondoa mkono kwenye boneti, akatangulia mbele.

La pili lilimpendeza Chuluun. Refu, zito, injini yake inanguruma mpaka mate yanakujaa. Lakini nilipoweka mkono juu ya boneti nikakuta moto. Tulikuwa tumemwambia mwenyewe asiliwashe kabla hatujafika. Ukilikuta gari katika baridi yetu limeshapashwa moto, jua kuna kitu unafichwa. Nikasema tutarudi kesho alfajiri tulikute limelala usingizi. Mwenyewe akakumbuka ghafla kwamba kesho ana msiba. Nikampa pole ya msiba wake.

Sijui kama unanisikia ninavyojisifu, mama. Najisikia mwenyewe. Lakini haya nimefundishwa na Chuluun, na sitaki mtu aseme nimeyaokota njiani. Yeye ndiye aliyenionyesha jinsi ya kusikiliza injini, kunusa oili, na kushika gurudumu kwa mikono miwili na kulitikisa. Pale sokoni alikuwa anasimama pembeni, mikono mifukoni, ananiacha niseme. Watu walidhani amekaliwa na mkewe. Alivumilia.

La tatu tulilipata kwa mzee mmoja, Magsar, daktari wa mifugo aliyestaafu. Halikuwa hata sokoni, lilikuwa uani kwake, chini ya blanketi kuukuu la farasi. La bluu. Mlango wa nyuma umebonyea, fahali mmoja alikataa sindano. Kiti kimoja kimeshonwa kwa uzi wa viatu, nami kama fundi niliona haya kwa niaba yake, nikamwahidi kukishona upya bila malipo. Tulifika asubuhi ambayo mate yanaganda kabla ya kufika chini. Mzee akanipa ufunguo. Likakohoa mara moja tu, likawaka, likatulia. Nikaingia chini, chesisi kavu, yenye mikwaruzo ya mawe lakini haina kutu ya kutisha. Hita ya viti vya nyuma inafanya kazi, nilimkalisha Anu huko mpaka akavua kofia mwenyewe. Tukalipeleka kwenye kilima cha nyuma ya nyumba yake, hakuna hata njia ya mbuzi, likapanda taratibu bila kuteleza. Moyo wangu ukatulia. Nikajua hili ndilo litakalonifikisha kwako.

Hapo ndipo mama mkwe akasimama mbele ya gari, mikono kiunoni. Akasema la bluu halinunuliwi. Mwaka wa mwanawe na rangi ya bluu ni maji na moto, litamwua barabarani, na yeye hatakubali kuzika mwana kwa sababu ya ubishi wa mkamwana. Alianza kulia, mama. Mimi nilikasirika, nikawa tayari kusema la kuvunja nyumba. Mzee Magsar akajifanya anakagua tairi ambalo halina tatizo lolote.

Ndipo Chuluun akatoa mikono mifukoni. Akamwendea mama yake, akamshika mabega, akamwambia kwa sauti ambayo sote tuliisikia, "Mama, umeulizia mwaka usio sahihi. Rudi ukaulize wa mama Anu. Yeye ndiye atakayeshika usukani. Mimi siendeshi tena."

Haya ndiyo niliyotaka uyasome peke yako.

Tangu majira ya vuli jicho lake la kushoto linazima. La kulia nalo linafuatia, pole pole. Daktari amesema dawa itazuia lisiharibike zaidi, lakini kilichokwenda hakirudi, na kuendesha ndiyo basi. Chuluun wetu, mama! Huyu huyu ambaye mkoa wetu mzima wa Zavkhan ukitaja mlima uliofungwa na theluji watakwambia mngoje Chuluun, atapita. Huyu ambaye wewe mwenyewe humwita "mwanangu anayeniletea binti yangu." Hatukumwambia mtu. Jioni tulikuwa tunatoka na kigari hadi viwanja vya nje ya mji, mimi nyuma ya usukani na yeye kando, ananifundisha kuteleza na kujitoa, kukwama na kujinasua, kwa sauti ya upole ambayo hata kwa watoto hajawahi kuitumia. Majirani walidhani tunakwenda kutembea. Na gari hili lilipokuwa linatafutwa, aliniambia neno moja tu, kwamba anayechagua gari ni yule atakayekaa nalo pale mlimani, kwa hiyo nichague mimi, na yeye hataingilia.

Lakini kwa mama yake alishindwa kusema, akamwacha aende hekaluni na mwaka wake. Nilimwelewa. Kulisema ni kulikubali. Pale uani alilisema mbele ya mgeni, na alipomaliza alikuwa ameshika ukingo wa boneti kwa nguvu sana. Mama mkwe alimtazama macho, kwanza hili, kisha lile. Kisha akafuta machozi yake kwa ncha ya kilemba, akanigeukia, akauliza kwa hasira, "Na wewe umezaliwa mwaka wa nini vile?" Nikamwambia Chui Milia. Akaondoka kwenda kutafuta teksi, hakuaga mtu. Jioni akarudi kutoka hekaluni, akatia bakuli la chai mkononi mwangu, akasema bluu inafaa. Siku hizi ukimsikia dirishani anawaambia jirani zake, "Mkwe wangu anaendesha jeep!" utadhani amenizaa yeye. Usione wivu.

Kigari tumewauzia walimu wawili vijana, wametoka kuoana. Nilikifuta vumbi mara ya mwisho, na sikukitukana.

Sasa, mama, nisikilize. Tutaondoka huku mapema ili tuamke kwako siku ya kwanza ya Mwezi Mweupe. Chuluun atakaa kando yangu. Njia anaijua kwa moyo, kila jiwe, kila mahali theluji inapodanganya, ataniambia nami nitafuata. Ananitania kwamba kuanzia sasa yeye ni bwana mkubwa, ana dereva wake. Lakini anaogopa kufika, na ndiye aliyeniomba nikuandikie. Wanaume wa bondeni watamzunguka kama miaka yote tuliyofika, kumwuliza njia ilikuwaje, amepitaje. Hataki kusema habari ya macho mbele yao, wala hataki wewe uisikie kwa mara ya kwanza hapo hapo mbele ya watu. Nimemwambia mama yangu hatababaika.

Ninaomba jambo moja. Miaka yote tuliyofika, gari likisimama ulitoka na bakuli la maziwa, ukaenda moja kwa moja mlango wa dereva, ukampa Chuluun mbele ya watu wote. Mwaka huu nenda mlango huo huo. Usipepese macho, usimtafute yeye, usiulize. Mpe aliyeketi pale kama unavyompa dereva kila mara, kwa mikono miwili. Watu watazame. Purev atazame mpaka kofia imwanguke. Nikishakunywa, nitamkabidhi Chuluun bakuli yeye naye anywe, kwa sababu nusu ya safari hiyo itakuwa yake.

Anu anasema atakuletea meno yake kwenye kisanduku cha kiberiti. Mama mkwe anakutumia chai na ubani, na anasema mtakutana wakati wa majani mabichi nikija kumchukua. Wasalimie jirani wote wa bonde. Ukae na afya, magoti yasiinuke bila sababu, uyahifadhi kwa siku yetu. Sote tunakushika viwiko kwa mbali mpaka tutakapovishika kwa kweli.

Ni mimi bintiyo, dereva,

Solongo