Meli Aliyoibeba Babu Yako

Marahaba, mjukuu wangu Elisaria. Huku Meru kahawa imechanua na mama yako hajambo, ila nyumba ni kimya tangu babu yako atutoke. Umeuliza kama serikali ya Wajerumani nayo, kama hii ya sasa, ilinunua meli za doria.

Ilinunua moja ya ziwani. Ililetwa vipande vya chuma, ikabebwa mabegani kutoka pwani hadi ziwani. Babu yako, mume wangu mpya, mzuri jamani, akachukuliwa awe mpagazi. Kila jioni nilimwekea fungu lake la ndizi, kama ada yetu kwa msafiri, nikalitazama likipoa.

"Chuma kielee majini?" dada yake akanicheka. "Kaka kakukimbia, wifi!"

Aliporudi nikamwuliza, "Ilielea?"

"Sijui. Nilikabidhi bamba langu nikageuka mbio. Nilihofu ungechoka kuningoja."

Sikuuliza tena habari za meli.

Bibi yako anayekuwaza