Miwani Mbili, Kiti Kimoja

Jumatatu, 3 Machi

Kapteni wa timu kaniandikia. Mara ya kwanza tangu Bonge wangu azaliwe. Kiti changu kwenye ligi ya mbio za kompyuta bado kipo — ila mwisho ni Jumamosi ya tarehe 15. Siku hiyo kuna mbio za majaribio, timu nzima inakimbia, ila kiti tunakigombea mimi na dereva mmoja mgeni. Atakayetangulia ndiye anakaa.

Miezi minane sijashika usukani. Viganja vinawasha.

Tatizo ni nafasi. Zile skrini tatu tuliziuza, pale zilipokuwa pamesimama kitanda cha mtoto. Usukani na pedali vinabanana pembeni ya cherehani, lakini skrini haziingii hata kwa dawa. Basi ni miwani ya VR tu. Unaivaa usoni, gari zima linakuzunguka, chumba unakisahau.

Chumba unakisahau. Nimeandika mara mbili, sijui kwa nini.

Baba Bonge anasema ninunue ya kwanza nitakayoiona, nisije nikachagua kama nachagua mchumba. Nikamwambia mchumba nilimchukua wa kwanza, ndiyo maana safari hii nachagua.

Jumatano, 5 Machi

Dukani. Fundi wa miwani kanipima umbali wa mboni za macho kwa rula, kama mimi ninavyopima mabega ya sare za shule. Macho yangu yamekaribiana, anasema, si kila miwani itanikubali. Kaniazima mbili. Tarehe 15 — siku hiyo hiyo! — moja irudi.

Nzito: waya nyuma kama mkia, sifongo imeziba pande zote. Picha kali mno. Namba za dashibodi nazisoma.

Nyepesi: haina waya. Puani ina uwazi, ukitupa jicho chini unaona magoti yako mwenyewe. Lakini mbali kuna ukungu.

Nimerudi na Bonge mgongoni, boksi mkono huu, boksi mkono ule. Jirani kauliza kama nahama.

Ijumaa, 7 Machi

Aibu. Nilidhani Nzito ni mbovu. Usukani wa kwenye picha uko kushoto kabisa, mimi kama nimekalia mlango. Mizunguko sita hivyo hivyo, shingo imepinda. Nikairudisha dukani na hasira zangu zote.

Fundi hakufungua hata boksi. Akanieleza kwamba kabla ya kuanza unakaa vile utakavyoendesha, ndipo unabonyeza kitufe, miwani ijue katikati ni wapi. Kisha akaniuliza:

"Dada, ulipobonyeza, kichwa kilikuwa wapi?"

Kilikuwa kushoto. Nilikuwa nimeinama namtazama Bonge kwenye mkeka.

Akacheka, nami nikacheka. Njiani kicheko kikaisha.

Jumapili, 9 Machi

Leo bekari anakofanya kazi Baba Bonge imefungwa, yuko nyumbani. Kamchukua mtoto uani. Nzito usoni, katikati ni katikati.

Niandikeje? Nilimkuta mtu niliyemwacha. Vibao vya pembeni ya njia vinasomeka: mita mia mbili, mita mia — breki. Mguu ulikumbuka wenyewe. Kapteni zamani alinitania nafunga breki kama fundi cherehani, taratibu mwishoni ili uzi usikatike. Ndivyo. Mzunguko wa nane nikaupita muda wangu bora wa kabla ya mimba. Kapteni kaandika neno moja: Umerudi.

Nilivua nikiwa na alama ya sifongo kuzunguka uso. Baba Bonge amesimama mlangoni na mtoto. Kumbe kaniita mara tatu. Hakulalamika. Kasema tu kwamba Bonge alinitazama usoni kwa muda, anatafuta macho, halafu akamgeukia yeye.

Jumanne, 11 Machi

Nyepesi. Bonge amelala, mimi mbioni. Namba sizioni vizuri, lakini naona magoti yangu, na moyo umetulia.

Ile kona ndefu, gari liko kasi ya mwisho. Kibao cha mita mia ni ukungu mtupu. Nikatupa jicho chini — vidole vitano juu ya pedali ya breki. Ameamka, ametambaa, kimya kama paka.

Sikukanyaga. Gari likaenda ukutani zima zima.

Kapteni alikuwa anaangalia mtandaoni. Akauliza, kulikoni? Nikamwambia breki. Si uongo.

Na kama ningekuwa nimevaa Nzito — hapana. Siimalizii hiyo.

Alhamisi, 13 Machi

Mama mkwe kaja. Baba Bonge kamsimulia yote, mdomo wake hauna mlango. Nilijiandaa kwa maneno. Yeye akaomba avae Nzito. Nikamwekea gari limeegeshwa tu, miti, mbingu. Akatulia humo mpaka nikaogopa amesinzia.

Akavua. "Mwanangu, humu ndani hakuna anayekuita mama."

Macho yalinichoma.

Akasema Jumamosi atamchukua mtoto kwake. Nikamwambia ukweli: mama, si Jumamosi moja, ligi ni kila wiki. Akasema Jumamosi anazo nyingi, hazina kazi.

Baba Bonge anataka nibaki na Nyepesi. Anasema hata nikishindwa, nitakuwa nimeshindwa nikiwa nyumbani. Nikamjibu nataka kushinda nikiwa nyumbani. Miwani ya namna hiyo fundi hana.

Jumamosi, 15 Machi

Saa mbili na nusu asubuhi. Mama mkwe kaondoka na Bonge. Hakulia, alinipungia mkono! Fundi kapiga simu, anauliza ipi inarudi, kuna mteja anaisubiri. Nyepesi iko ndani ya boksi. Sijalifunga.

Nzito nimeipandisha kwenye paji la uso niandike. Mizunguko ya kupasha moto: mgeni ananizidi kidogo tu. Anazidika huyu. Najua kona gani.

Nyumba kimya. Miezi minane nimekililia kimya hiki, sasa kimekuja na sijui nikiweke wapi.

Saa tatu kasoro dakika tatu. Titi la kushoto limeanza kuvuja. Hakuna aliyelia, hayupo wa kulia. Mwili umejua saa yake ya kunyonya. Nimebandika kipande cha kitambaa cha sare, kimelowa. La kulia nalo.

Kapteni masikioni anaita majina. Wanaitika mmoja mmoja. Blauzi yote maji. Nikiishusha miwani hii, blauzi sitaiona.

Kaniita mara ya pili. Nipo, nimesema. Kalamu bado iko mkononi, Kapteni anazihesabu taa za kuanzia: ya kwanza imewaka, ya pili