Kura ya Mzee Shee

Mjukuu wangu Zuhura,

Asalaam alaikum. Huku mjini Crystal tu wazima. Mama yako sasa anafanya zamu ya mchana kule Plymouth, na nduguyo namsemesha Kiswahili, ananijibu Kiingereza.

Uliniuliza kwenye simu kwa nini profesa wako, mwenye vitabu vyote vile vya siasa za Marekani, ameandika kitabu kizima juu ya wagombea walioshindwa. Jibu langu ni refu, ndiyo maana nakuandikia.

Nilipokuwa msichana Mombasa, wazee wa barazani kwetu walisoma msahafu vizuri, lakini herufi za gazeti ziliwashinda. Mimi nikiwasomea kutoka ndani, nyuma ya pazia la dirisha. Siku ya matokeo ya uchaguzi nilikuwa na samaki jikoni, basi nikasoma washindi tu, nikakunja gazeti.

Mzee Shee, muuza kahawa, akaweka dele, birika lake, chini.

"Mwanangu, na yule wa pili?"

"Yule kashindwa, babu."

"Najua kashindwa. Nilimpa kura yangu. Nisomee kapata ngapi, maana humo na mimi nimo."

Nikamsomea hadi tarakimu ya mwisho. Akanyanyua dele, akawamiminia wenzake kahawa kana kwamba yeye ndiye aliyeshinda. Samaki waliungua, na sijajuta hadi leo.

Profesa wako simjui, ila dirisha alilokaa nyuma yake nalijua. Ukifika kitabu hicho cha walioshindwa, usikiruke. Kisome taratibu, kuna mtu anasikiliza nje.

Bibi yako,
Mwanaisha