Soksi ya Upepo ya Hariri

Jumatano, 18 Oktoba 1978

Babikir wangu ameruka na ndege leo! Mama mkwe, Hajja Batul, amegomba: bwana harusi haendi kazini kabla ya siku arobaini za ndoa, kijicho kitampata. Lakini inzi weupe wanamaliza pamba ya Jezira, na marubani wa kunyunyiza dawa ni wachache. Basi nikampa kinga. Ile hariri nyekundu tuliyofunikwa siku ya harusi, nzito kwa nyuzi za dhahabu — nimeishona iwe soksi ya upepo, ule mfuko wa kitambaa unaomwonyesha rubani upepo unakoelekea, maana ya uwanja wa ndege imechakaa. Alicheka, akaitundika mwenyewe mlingotini. Eti sasa hata akiwa angani ananiona. Jamani, nampenda mpaka natetemeka.

Jumamosi, 21 Oktoba

Ndege imeanguka. Hapana — ilitua, ikapitiliza uwanja, ikatumbukia mferejini. Yu hai. Mguu umevunjika, uso umevimba, ananuka dawa ya wadudu. Siwezi kuandika.

Jumapili, 22 Oktoba

Hospitalini, mjini Medani. Fundi wa ndege, Tajelsir, amenieleza polepole, kama anayesema na mtoto. Upepo wa kaskazini ulikuwa unavuma, si mkali. Soksi ya kawaida ingeinuka. Ile ililala tu, kwa uzito wake. Babikir akadhani kumetulia, akatua huku upepo unamsukuma kwa nyuma. Uwanja ukamwishia.

"Kitambaa kizuri, binti yangu," akasema, "ila si cha kazi ile."

Hajui nani alikishona!

Jumanne, 24 Oktoba

Mkaguzi amefika kutoka Khartoum. Akauliza nani alitundika kile kitambaa. Babikir — Babikir wangu! — akatazama dari, akasema mambo ya mlingoti ni ya mlinzi wa uwanja, Idris. Mkaguzi akasema basi huyo afukuzwe leo leo.

Ami Idris, kama sote tumwitavyo mzee huyo, alikuwa mlangoni, kamletea mgonjwa maziwa ya mbuzi. Alisema tu, "Alhamdulillahi umepona, kapteni," akaweka chupa chini, akaondoka.

Mkaguzi alipotoka kusali adhuhuri, nikamwuliza mume wangu kwa nini.

"Nikisema ni mimi, leseni imekwenda," akaninong'oneza. "Na wewe watakucheka Jezira nzima. Nyamaza, roho yangu."

Akashika ncha ya tobe, shuka nililojitanda, nisitoke. Nikaivuta taratibu mpaka ikamponyoka.

Naandika nikiwa barazani, namngoja mkaguzi nimwambie. Mkaguzi ameshatoa salamu, anakunja mswala. Anavaa viatu.