Taa ya Nyuma

Jumatatu, 3 Juni

Zamu imebadilishwa. Msimamizi wetu wa chumba cha kufulia hospitalini kabandika karatasi ukutani bila hata kututazama usoni: kuanzia wiki ijayo tunaingia saa kumi na mbili asubuhi. Mashuka ya wodini hayangoji jua! Gari la wafanyakazi halianzi mpaka saa moja. Kwa miguu ni saa nzima na zaidi, gizani.

Kuna baiskeli. Iko stoo, nyuma ya magunia. Ya marehemu mdogo wangu. Polisi waliirudisha mwezi uliopita na hakuna aliyeigusa.

Sijamwambia Mama.

Jumanne, 4 Juni

Nimemwambia. Alikuwa anachagua mchele, hakuinua uso. Baadaye sana akasema — kwani mmoja hakutosha? Sijui alikuwa anamuuliza Mungu au barabara. Nikasema nitaweka taa nzuri. Akasema, na yule alikuwa na taa.

Kweli. Alikuwa nayo.

Alhamisi, 6 Juni

Niandike tu, maana hakuna atakayesoma. Ile taa ya nyuma nilimnunulia mimi. Niliiokota kwenye kapu la vitu vya bei ya kutupa, mlangoni pa duka la simu. Betri tatu ndogo. Alicheka: "Dada, hii itakula betri kuliko mimi ninavyokula wali!" Alikuwa anafanya kazi kwenye kitalu cha miche, na betri zilizokwisha hakuzitupa hata moja. Sumu yake inaingia kwenye udongo, alikuwa anasema. Rahisi ni ghali. Hilo nalo alilisema, mimi nikamwambia aache ubishi.

Asubuhi aliyofariki, taa ilizimika njiani. Pikapu ikamgonga kwa nyuma. Dereva alilia kituoni kuliko sisi — sikumwona, haki ya Mungu sikumwona.

Namwamini. Hilo ndilo linalonimaliza.

Ijumaa, 7 Juni

Kwa fundi baiskeli. Ni mama mmoja mnene, mikono myeusi kwa grisi, mdomo hauna breki. Wanamwita Mama Spoku.

Akanimwagia taa zote mezani. Za jua: hazidai betri wala umeme, lakini baiskeli itashinda chini ya bati nyuma ya chumba cha mashine, jua italipatia wapi? Za betri: nikasema hapana kabla hajamaliza. Za kuchaji kwa waya wa simu: bei inavumilika, na chaji moja inanitosha wiki. Halafu dainamo, ile inayosuguana na tairi. Miguu yako ndiyo umeme! Hakuna cha kununua tena, hakuna cha kutupa. Mdogo wangu angeipenda. Nikasema nifungie mbele na nyuma.

"Hapana. Hii ukisimama, nayo inazimika. Mbele sawa, nyuma usiitegemee. Taa ya mbele ni ya kuona, mwanangu. Ya nyuma ni ya kuonekana. Watu wananunua ya kwanza, ya pili wanaokoteza tu."

Akaigeuza baiskeli, akaona fremu ilivyopinda kule nyuma. Akainyoosha taratibu, kama mtu anayemfunga mgonjwa bandeji.

Nimechukua dainamo iliyokwishatumika kwa mbele, na ya kuchaji kwa nyuma.

Jumapili, 9 Juni

Taa iko kwenye chaji. Mama kapita hapo mara nne. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mwisho akauliza: ikitaka kuisha, utajuaje? Nikamwambia inaanza kupepesa kwanza, inaonya.

"Ile ya mwenzio ilionya?"

Hapo nikasema. Kwamba niliinunua mimi, kwenye kapu.

"Najua," akasema.

Najua! Tangu lini? Hakunilaumu, hakunishika mkono. Aliinuka akafuta vumbi kwenye kiti cha baiskeli kwa ncha ya nguo yake, akaenda kulala. Mimi sijalala.

Jumatatu, 10 Juni

Saa kumi na moja alfajiri. Mama kaamka kabla yangu. Baiskeli kaitoa nje mwenyewe! Anasema niende mpaka kwenye kona na kurudi, yeye asimame getini aangalie taa ya nyuma. Nikamwambia, Mama, kwenye kona itapotea. Akasema, "Najua. Nataka niione ikipotea, halafu nikuone ukirudi."

Nimerudi ndani kuchukua kitambulisho cha kazi. Naandika nimesimama.

Ananiita. Jina analoita si langu, ni la mdogo wangu.

Kaita tena. Sauti yake haina huzuni hata kidogo — kama zamani, kama mtu anayemharakisha mwanawe asichelewe kazini.

Niitike?