Hotipoti Zilizorudi Tupu

Makanyagio, Mpanda
9 Juni

Kwa shemeji Paskalia,

Tumsifu Yesu Kristo. Nakusalimu kwa sababu marehemu mama alinifundisha kwamba hata aliyekutukana unamsalimia kwanza, ndipo mnagombana. Hujambo? Mzee Zakayo na watoto hawajambo? Mpunga mmemaliza kuvuna, au ndege wamewawahi? Sisi huku tupo. Mdogo wako Rozalia yupo, anapumua, anakusalimu. Nimeandika kwenye karatasi kwa kuwa simu zangu hupokei tangu Jumapili ile. Anakuletea Amosi, kondakta wa basi la huko Kasansa, na nimemwambia asiondoke mlangoni mpaka akuone unaifungua.

Naanza na Jumapili hiyo hiyo. Ulisimama mbele ya jumuiya, uani kwangu, watu wameshika rozari, ukasema nyumba hii mgonjwa anakonda na muuguzaji ananenepa. Ukawaambia wanitazame shingo. Ukasema chakula mnachojinyima kumpikia mgonjwa kinaishia tumboni mwa Kasimiri. Na watu wakanitazama shingo kweli, mpaka katekista! Ukabeba mfuko wako ukarudi Kasansa bila kumuaga mdogo wako. Sikukujibu kitu, maana dirisha lilikuwa wazi na Rozalia alikuwa anasikia. Miaka kumi na tisa nimeishi na ndugu yako, shemeji, na hayo ndiyo malipo yangu.

Unasahau kwamba mimi ndiye niliyekaa naye hospitalini Mwanza wiki tano. Daktari alitueleza wazi kuwa saratani ya tumbo imeshafika kwenye ini, na kwamba si njaa inayomkondesha, ni ugonjwa wenyewe. Akasema tusimlazimishe. Akitaka vijiko viwili vya uji, viwe viwili. Akitaka kulamba chungwa tu, alambe. Nilikupigia siku ile ile kukwambia. Ukanijibu kwamba huyo daktari hakumlea Rozalia, wewe ndiye uliyemlea, na mtu wa Kasansa akishaacha ugali basi amekwisha.

Tuliporudi ukaja, ukafikia kwa mwanao Lucia pale Kawajense, na hotipoti zikaanza. Leo ugali na kuku wa kienyeji, kesho wali na maharage, keshokutwa samaki, migebuka ya kukaanga, ambayo harufu yake peke yake inamtapisha. Rozalia anaona aibu kula mbele za watu, kwa hiyo mimi naingia na chombo chumbani, wewe unangoja mkekani. Siku ya kwanza alimeza matonge matatu kwa ajili yako. Haikupita hata saa moja akayarudisha yote pamoja na damu, mimi nimemshika kichwa, na wewe ulikuwa umeshaondoka umefurahi. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Siku ya pili chombo kilirudi kimejaa. Unakumbuka ulivyofanya? Kwetu chakula cha mgonjwa kikirudi, aliyepika anaona amekataliwa yeye. Ulilia kwa sauti, ukasema mdogo wako ameamua kufa makusudi, ukamlilia na mama yenu aliyeko kaburini. Ukuta wa nyumba yangu ni wa tofali mbichi, shemeji, hauzuii kitu. Rozalia alijifunika khanga usoni mpaka ulipotoka.

Sasa nakwambia jambo ambalo aliniapisha nisilitamke, na jana ndiyo ameniruhusu. Lisemwalo lipo. Nilikula. Siku ya tatu nilipoingia na ugali wako alinishika mkono akaniomba niule mimi. Alisema maumivu ya tumbo anayaweza, ila kilio cha Paskalia hakiwezi. Basi nikakaa pembeni ya kitanda nikala, tena nimetoka kula, natafuna taratibu usije ukasikia. Yeye alikuwa ananihesabia matonge kwa vidole. Nikishindwa, ananicheka kidogo. Nikimaliza ananifuta mdomo kwa ncha ya khanga yake kabla sijatoka. Wewe ukiona chombo kimekwisha unapiga vigelegele, na kesho yake unaongeza. Kilo nane nimeongezeka. Zote ni za mapishi yako. Na kwa kuwa nimeshaanza kusema ukweli, niumalize: zilikuja siku nilisikia njaa, nikala kuku wako nikamwona mtamu, mke wangu ananitazama. Hapo nilijichukia kuliko ulivyonichukia wewe.

Kosa langu ni moja, nalo ni kubwa. Hotipoti tupu zilikufanya uamini bado anaweza kula, ila mimi ndiye namnyang'anya. Usingethubutu kuondoka kwa hasira namna ile kama ungejua hali yake. Nesi anayemletea dawa ya maumivu ameniambia mwezi huu tusiuhesabu kama tunao wote.

Sijakusamehe, usije ukadhani. Shingo yangu bado inawaka nikikumbuka. Lakini Rozalia anakutaka. Sauti yake sasa ni ndogo, nainama ndipo namsikia, na jana amenituma nikwambie uje umsuke, nywele zimebaki chache lakini anasema zinakutosha. Na kuna sharti moja amelirudia mara mbili. Najua kwetu mtu haendi kwa mgonjwa mikono mitupu, watu watasema. Waache waseme. Wewe njoo mikono mitupu.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na mzee Zakayo mwambie namheshimu bado. Basi linarudi Mpanda Alhamisi asubuhi, Amosi atakuwekea kiti cha mbele. Hotipoti yako ya bluu nimeiosha, ipo kabatini. Ukitaka kuipeleka Kasansa ichukue, ila jikoni kwangu isiingie tena na chakula.

Ni mimi shemeji yako,
Kasimiri, Baba Wema